Muhuri wa Isebania

Nilirudi Itiryo na sanduku moja la magurudumu na ruhusa ya wiki sita kutoka kazini. Magurudumu yalivunjika siku ileile, maana njia ya kwetu haikutengenezwa kwa ajili ya masanduku ya uwanja wa ndege, nikajitwika kichwani kama mtu yeyote anayetoka sokoni. Mama alikuwa amepata kiharusi. Upande wake wa kulia ulikuwa umekufa, mdomo umevutwa pembeni, na maneno yalitoka moja moja, kwa Kikurya tu. Kiswahili chake kilikuwa kimeondoka chote, na wala hakikuwahi kuwa kingi.

Kwenye mkoba nilikuwa na kadi yangu ya ukaazi wa kudumu wa Marekani. Niieleze mapema, maana yote yaliyofuata yalitokana nayo. Ni kipande cha plastiki chenye picha yangu nikiwa nimenuna, na nilikisubiri kwa miaka tisa. Kinakuruhusu kuishi na kufanya kazi kule hadi uchoke mwenyewe, ila kina sharti moja: huko ndiko kuwe kwako. Ukikaa nje zaidi ya miezi sita, siku ya kurudi unaulizwa maswali. Ukizidisha mwaka mzima bila kibali maalumu, kadi haikuingizi tena. Na kibali chenyewe unakiomba ukiwa bado kule, kabla hujapanda ndege. Mimi niliondoka siku mbili baada ya kupigiwa simu. Sikuomba chochote. Nani anaomba kibali cha mwaka kwa safari ya wiki sita?

Aliyepiga simu ni wifi yangu. Watu wasio wa kwetu hushangaa nikisema nina wifi lakini sina kaka. Mama hakujaliwa mtoto wa kiume, na kwa wasichana nilipona mimi peke yangu. Baba alipofariki, mimi nikiwa nimeshaondoka, mama alifanya kile ambacho wanawake wa Kikurya hufanya nyumba ikikosa kijana: alitoa ng'ombe akaoa binti, aje azae watoto wa boma letu. Binti alitoka upande wa Serengeti, kijiji kimoja mbele ya Mugumu. Ng'ombe walinunuliwa kwa fedha nilizotuma mimi. Kwa hiyo ukitaka unaweza kusema nilimwoa mimi, kutoka mbali, aje akae mahali pangu. Wakati ule sikuliwaza hivyo. Nilituma fedha nikaenda zamu.

Zamu yangu kule ilikuwa kwenye nyumba ya wazee. Nawaogesha, nawageuza, nawalisha. Wengi wana ugonjwa huohuo wa mama, kwa hiyo nilipofika nilijua cha kufanya. Uji uwe mzito kidogo, kijiko kiende upande ulio hai, kidevu kishuke, halafu usubiri koo lipande na lishuke kabla ya kijiko kingine. Siku ya pili nilimwonyesha wifi. Alitazama mara moja, akanipokonya kijiko, na tangu hapo akawa ananizidi. Ana watoto watatu, mbuzi, shamba la maharage, na maneno machache sana.

Wiki sita ziliisha. Mama hakupona, na hakufa. Niliomba ruhusa ya pili nikapewa. Niliomba ya tatu nikaambiwa siku nikirudi nipeleke maombi upya kama mtu mgeni. Mwenzangu niliyepanga naye chumba akanieleza kwa simu kwamba vitu vyangu ameviweka kwenye maboksi na kwamba kuna mtu mwingine anaingia mwisho wa mwezi. Nikamwambia asante. Sikusikia uchungu wala hasira. Nilikuwa nimeshaingia ganzi, na ganzi bwana si mbaya kama watu wanavyofikiri, haikusumbui na maswali.

Mwaka mpya ulipoingia, duka moja la dawa za mifugo pale Nkende lilikuwa linagawa kalenda yenye picha ya ng'ombe wa kisasa, kiwele kama ndoo. Nilipewa moja nikaitundika chumbani kwa mama, kwa sababu ndiko nilikokuwa nashinda na ndiko kulikokuwa na msumari. Siku ambayo mwaka wangu ungetimia nikaizungushia duara jekundu. Kila asubuhi nikakata siku moja kwa kalamu. Hilo ndilo lililokuwa kosa langu, lakini sikulijua. Mama hakuingia darasani hata siku moja, nikajua kwake kalenda ni ng'ombe tu.

Baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba, alikuwa anakuja kila Jumapili baada ya ibada. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa kwenye kigoda chini ya dirisha la mama na kudai maziwa. Ana mke huku na mke mwingine upande wa Kenya, na ng'ombe wake hawajui mpaka umepita wapi. Amekuwa akivuka tangu yuko mtoto na hajawahi kuona sababu ya mtu kukosa usingizi kwa jambo hilo. Nilipomweleza habari ya kadi alicheka mpaka maziwa yakamwagika. Alisema nivuke mpaka niingie Isebania, upande wa Kenya, nigongewe muhuri, nirudi, basi. Serikali zote zinataka jambo moja, kuona mtu anatembea. Akanitolea mfano wa magari. Gari lenye namba za Kenya likiingia huku linapewa siku zake, siku zikiisha dereva anavuka, ananunua soda, anarudi, anapewa siku nyingine.

“Kwani wewe na gari mna tofauti gani, mwanangu?” akaniuliza.

Nilimwambia Marekani haihesabu Isebania. Akaniangalia kwa huruma, kama anayemwona mtu aliyepotezewa muda ughaibuni na kurudi bila kujua mambo ya mpaka. Tulibishana kwa sauti, maana sisi tukiongea kawaida mtu wa kwingine anadhani tunagombana. Nikasema yote pale chini ya dirisha. Nikasema duara jekundu ni siku gani. Nikasema ikipita nikiwa bado hapa, miaka yangu yote imekwenda na maji. Mama alikuwa ndani, amelala chali, macho wazi.

Sasa niseme jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nilikuwa namsubiri mama afe ndani ya muda. Sikumtakia mabaya. Nilimwogesha, nilimgeuza kila baada ya saa mbili, hana kidonda hata kimoja mgongoni mpaka leo. Lakini asubuhi nikikata siku, nilikuwa napiga hesabu: akienda wiki hii, mazishi siku tatu, matanga wiki, kunyolewa, naondoka bado nina mwezi mkononi. Wiki ikipita naanza hesabu upya. Kina mama wa kanisani walikuja kumwombea na mimi wakaniombea, wakasema Mungu awape nao binti wa namna hii. Nikaitikia amina na akili yangu ikiwa kwenye kalenda. Niliona aibu? Sikuona. Nilijua tu kwamba mtu mwingine angeona.

Nilikata tiketi ya ndege ya kutokea Nairobi, siku nne kabla ya duara. Nikajiambia hapo nimejitendea haki na mama nimemtendea haki, liwalo na liwe.

Zilipobaki siku tisa kufika kwenye duara, mama akaacha kula.

Mwanzoni nilidhani ni koo. Nikaongeza uzito wa uji, nikampandishia mto, nikabadilisha kijiko. Siku ya tatu nikaacha kujidanganya. Kwa kazi yangu naujua mdomo usioweza na naujua mdomo usiotaka. Usioweza unafunguka, chakula kinabaki shavuni, kinatoka pembeni. Usiotaka unafungwa kabla kijiko hakijafika, na macho yanakwenda kwingine. Macho ya mama yalikwenda kwenye kalenda.

Nilimkuta wifi uani anapepeta ulezi. Nikamwambia mama hataki kula. Hakuacha kupepeta. Alisema anajua. Alisema tangu miezi ile, kila nikishakata siku na kutoka kwenda kuoga, mama humwuliza zimebaki ngapi kufika kwenye nyekundu, na yeye humwambia. Mwanzoni alidhani mama anapenda tu kujua. Baadaye baba mdogo alipokuja na ule ubishi wetu, akaelewa, na akaelewa kwamba mama naye ameelewa.

“Wifi, mama anahesabu pamoja na wewe,” akasema. “Anataka akupishe mapema.”

Hapo ndipo mtu mwenye moyo wake angelia. Mimi nilimsaidia kuokota mawe kwenye ulezi, tukamaliza ungo mzima, ndipo nikaingia ndani. Nikakaa kitandani upande ulio hai nikamwuliza mama kwa nini hali. Alitafuta neno kwa muda mrefu. Niliona linavyomsumbua, linapanda na kurudi.

“Nakuchelewesha,” akasema.

Neno moja hilo, kwa lugha yetu, na alilisema bila lawama kabisa, namna mtu anavyomwambia mwenzake njiani, tangulia, nitakukuta. Nilitaka kusikia kitu kifuani. Nilisubiri kije. Nikamtazama yule ng'ombe wa ukutani na kiwele chake. Halafu nikajisikia nikimwambia kwamba baba mdogo alikuwa anasema kweli. Nimeulizia, nikamwambia. Keshokutwa nakwenda Isebania kugongewa muhuri, na nikishagongewa naanza mwaka mwingine.

Mama ni mtu wa mpakani. Habari ya kuvuka na kurudi inaingia akilini mwake kirahisi kuliko habari ya kadi. Aliniangalia jinsi alivyokuwa akiwaangalia wauza ng'ombe wa mnadani wakimwapia kwamba mtamba ana mimba. Kisha akainua kidole cha mkono wa kushoto, akakielekeza kwenye jicho lake. Alitaka auone huo muhuri.

Wifi alikuwa mlangoni na alisikia yote. Yeye si wa mpakani na hakuamini hata neno. Asubuhi ya kuondoka nilikuta amelitoa sanduku langu mvunguni na kulifuta vumbi. Nikamwambia sanduku la nini, nakwenda na kurudi. Akasema sawa. Lakini akanifungia viazi vitamu vya kuchemsha, na vilikuwa vingi mno kwa mtu anayekwenda Sirari, hapo mpakani tu. Vilikuwa vya safari ya siku mbili. Nilivipokea, kwa sababu mkobani nilikuwa na pasipoti, kadi, na tiketi ya ndege ya kesho yake usiku, na mimi mwenyewe nisingeweza kuapa.

Pikipiki ikanifikisha Sirari kabla jua halijakolea. Pale mpakani maofisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja, unatoka dirisha hili unaingia lile. Wetu aligonga bila kuniangalia. Wa Kenya alikuwa kijana mcheshi, tai imelegea.

“Haya madam, tunaenda wapi leo?”

Nikamwambia naishia hapahapa. Akauliza nitakaa siku ngapi. Nikamwambia dakika kumi. Akacheka, akafunua kurasa, akaona mihuri ya viwanja vya ndege vya mbali, akauliza mtu aliyefika kote huko anakuja kufanya nini Kenya dakika kumi. Nikamwambia nataka muhuri tu, na ukae mahali pa wazi, usigonge juu ya mwingine. Akatafuta ukurasa mtupu akaugonga katikati, kwa heshima zote.

Nje kulikuwa na basi la Nairobi linaunguruma. Mpiga debe akaniona na mkoba akanijia mbio, imebaki siti moja madam, siti ya dirisha, tunatoka sasa hivi. Nilikaa kwenye benchi la kibanda cha chai nikafungua viazi. Nilipiga hesabu, maana hesabu ndiyo kitu pekee nilichokuwa naweza. Nikipanda, kesho usiku niko hewani. Naingia kule zikiwa zimebaki siku tatu, naulizwa maswali, najibu, napita. Mama akisikia nimeondoka atajua kazi yake imekwisha. Ataendelea kufunga mdomo, au ataufungua, vyovyote vile nitaambiwa kwa simu. Nilimenya kiazi cha pili. Mpiga debe alirudi mara mbili, ya tatu akanisonya.

Laiti ningeweza kusema niliamua. Watu wakiandika maisha yao hufika mahali wanaamua, na mimi nimejaribu kukumbuka dakika ile sijaiona. Basi liliondoka na sikuwa ndani yake. Yalikuwepo mengine siku hiyo. Nilinunua mkate, kwa sababu mama anaupenda mkate wa upande ule, nikarudi dirishani nikagongewa muhuri wa kuingia nyumbani.

Wifi alikuwa anasugua masufuria kwa majivu. Aliniangalia kuanzia miguuni akapanda taratibu mpaka usoni.

“Umerudi,” akasema.

Nikamwambia nimerudi. Akakung'uta mikono, akaingia jikoni, akatoka na kikombe cha uji wa ulezi ambao alikuwa ameupika bila kujua nani ataunywa. Hakuniuliza lolote na hajaniuliza mpaka leo. Nilimpa viazi vilivyobaki akawagawia watoto.

Mama nilimfungulia pasipoti kwenye ukurasa wenyewe nikaishikilia mbele ya macho yake. Aliuangalia ule muhuri muda mrefu. Akaleta kidole cha kushoto akausugua, akakitazama kidole kama kimeshika wino.

“Mwaka?” akauliza.

“Mwaka mzima,” nikamwambia. “Wameniongeza.”

Akafungua mdomo. Nikaweka kijiko upande ulio hai. Koo likapanda, likashuka. Alikunywa nusu kikombe na kipande cha mkate kilicholowekwa, akalala.

Siku ya duara ilikuwa Alhamisi. Tulikuwa shambani tunapalilia maharage, na saa nne hivi nikakumbuka ni leo. Nikaendelea kupalilia. Mwenzangu wa kule akanitumia ujumbe kwamba kuna maombi ya watu waliochelewa kwa sababu zisizo zao, unayapeleka ubalozini na karatasi za daktari, hakuna anayekuahidi kitu. Nikamjibu nitaangalia. Kadi ninayo bado, iko kwenye kopo la majani ya chai juu ya kabati. Ukiisoma, tarehe yake ya mwisho bado haijafika. Inashangaza kidogo, kuona kitu kimekufa na maandishi yake yanasema ni kizima.

Baba mdogo aliposikia kwamba nimefuata ushauri wake alivimba kichwa hasa. Alitangaza Itiryo nzima. Wamekuja watu wawili kuniomba niwaeleze vizuri, mmoja mwanawe yuko Uingereza. Walikaa palepale chini ya dirisha, na mama alikuwa ndani anasikia, kwa hiyo ilibidi niwajibu kwamba ni kweli, ila inategemea na nchi. Baadaye niliwasindikiza hadi njiani nikawaambia wasithubutu.

Desemba ilipoisha wifi aliishusha kalenda akaikata, akawafunikia watoto madaftari. Daftari la hesabu la yule wa kati lina mwezi wangu kwa nyuma, na duara jekundu liko karibu na kona. Ananiletea nimsaidie kugawanya, namsaidia.

Mama bado yupo. Hasogei mbele, harudi nyuma. Mimi nalisha, wifi analisha, tunapokezana. Ukutani hakuna kitu sasa isipokuwa msumari, lakini alishajifunza kuhesabu na haachi. Mwezi uliopita uji ulipoletwa alifunga mdomo. Nikamwuliza nini tena. Akatafuta neno lake, akalipata, akauliza kama mwaka ule walioniongeza haujaisha.

Nikachukua pasipoti nikapanda pikipiki. Nilimkuta yule kijana wa Kenya dirishani kwake, tai imelegea vilevile, na alinikumbuka. Aliuliza kama bado ni dakika kumi. Nikamwambia agonge upesi, tano zinatosha, mama hajala.